Gharama ya Kutafutana: mhadhara juu ya masoko ambamo watu hawaonani

Habari za jioni, ndugu zangu. Nawashukuru waandaaji, na nawashukuru ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, maana najua foleni ya saa hizi.

Tabata, hapa Dar es Salaam, kuna chumba kinachojitegemea kimefungwa kufuli. Mwenye nyumba anatafuta mpangaji. Gongo la Mboto kuna mtu analala sebuleni kwa shemeji yake. Hela ya kodi anayo, na anatafuta chumba cha namna hiyo hiyo. Anachodai mmoja na alichonacho mwenzake vinalingana. Somo la uchumi la mwaka wa kwanza, lile la mstari wa mahitaji na mstari wa ugavi, linasema watu hawa wameshakubaliana zamani. Lakini wao hawajaonana, na inaweza kupita miezi miwili bila kuonana. Katikati yao kuna kitu ambacho ule mchoro wa mistari miwili hauna mahali pa kukiweka: kutafuta kuna gharama. Hiyo ndiyo mada yangu. Na nitadai jambo moja ambalo ningependa mnibane nalo kwenye maswali: katika soko lolote, anayebebeshwa gharama ya kutafuta ndiye anayeumia kwenye mapatano, hata kama alichonacho ni kizuri, na hata kama upande wa pili wako wengi wanaoshindana.

Wanauchumi walichelewa kulitazama jambo hili. Mwaka 1961 George Stigler, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Chicago, alichapisha makala juu ya uchumi wa taarifa. Alionyesha kwamba gari la Chevrolet la aina ile ile, katika mji ule ule, lilikuwa na bei tofauti kwa kila muuzaji. Kwa nini mnunuzi asiende kwa mwenye bei ndogo? Kwa sababu hamjui. Kumjua kunataka muda na mafuta ya gari, na mtu mwenye akili timamu huacha kutafuta pale anapoona duka moja zaidi litamgharimu kuliko litakavyomwokolea. Kwa hiyo bei tofauti kwa bidhaa ileile haimaanishi kwamba wanunuzi ni wazembe. Wamepiga hesabu, wakasimama.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1971, kijana mmoja wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, aitwaye Peter Diamond aliichukua hesabu hiyo akaifikisha mahali pa kutisha. Naomba twende naye polepole, maana hapa ndipo penye uzito.

Chukua sufuria. Maduka 50 yanaiuza, sufuria ile ile, na kila duka limeinunua kwa jumla shilingi 10,000. Somo la ushindani linasema bei itashuka hadi karibu na 10,000, maana anayezidisha atakimbiwa. Sasa weka sharti moja dogo: mnunuzi akitoka duka moja kwenda jingine anatumia shilingi 500, iwe nauli, iwe muda, iwe jua la saa saba. Tuseme wote wanauza 10,000. Mwenye duka mmoja anajiuliza: huyu aliyekwisha kuingia kwangu, nikimwambia 10,400, ataondoka? Haondoki, maana kuondoka kutamgharimu 500 ili aokoe 400. Basi anapandisha. Lakini mwenzake wa mtaa wa pili amewaza vivyo hivyo, na wa tatu pia. Wote wakiwa 10,400, hesabu inaanza upya: sasa naweza kudai 10,800. Inapanda hivyo hivyo mpaka pale ambapo mwenye duka pekee mjini, asiye na mshindani hata mmoja, angeiweka. Maduka ni 50, na bei ni ya duka moja. Gharama iliyoleta yote hayo ni shilingi 500.

Kuna zaidi. Bei zote zikishafikia pale juu zinafanana, na zikifanana hakuna anayetafuta, kwa kuwa hakuna cha kupata. Ukipita sokoni utaona utulivu, utadhani ni soko lililokomaa. Wanauchumi hukiita kitendawili cha Diamond, na mimi huwasomesha wanafunzi wangu kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kinamvua mtu imani kwamba wingi wa wauzaji peke yake unamlinda mnunuzi.

Masoko halisi hayafiki mbali hivyo. Waliomfuata Diamond walionyesha sababu: wapo wanunuzi ambao gharama yao ya kutafuta ni sifuri au karibu na sifuri. Mama anayeishi karibu na soko anapita kila siku, bei zote anazo kichwani. Muuzaji akipandisha sana atampoteza mama huyo, hivyo anajizuia, na kujizuia kwake kunamlinda hata mgeni aliyeshuka kwenye basi asubuhi hii. Ajuaye anamkinga asiyejua. Sasa fikirini soko ambalo hakuna mzoefu hata mmoja, kwa kuwa kila mnunuzi huja mara moja kwa miaka kadhaa. Jeneza. Kiwanja. Chumba cha kupanga. Huko hakuna wa kumkinga mgeni.

Gharama hii ya kutafuta ndiyo inayoeleza kwa nini wauza nguo wa Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo, wamejipanga mlango kwa mlango na washindani wao wenyewe. Ukiwaza harakaharaka utaona ajabu: si afadhali ukafungue duka la nguo mahali pasipo na duka la nguo? Lakini mnunuzi anayejua kwamba duka la pili liko hatua tano kutoka la kwanza hana hofu ya kuja. Kwa kukaa pamoja, wenye maduka wanamwondolea gharama ya kutafuta, naye analipa kwa kuja kwa wingi. Hakuna serikali iliyowaamuru. Na pale ambapo kupita maduka yote bado kunachosha, watu hutengeneza mazoea: una mama mboga wako, una fundi wako, naye anakuita kastama. Clifford Geertz, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1978 juu ya soko la mji wa Sefrou, Morocco, akaeleza kwamba wanunuzi wa pale hawazunguki ovyo. Wanashikamana na muuzaji mmoja, halafu wanabishana naye bei kwa kina. Watu walidhani ni mila. Geertz aliona ni akili ya watu wanaoishi mahali ambapo taarifa ni adimu na ghali.

Sasa tuingie kwenye kazi, maana wengi wenu humu ni vijana.

Mwaka 1970 John McCall aliandika hesabu ya mtu anayetafuta kazi. Kila ofa ikija, mtafutaji anachagua moja kati ya mawili: aikubali, au aiache aendelee kutafuta. Jibu la hesabu ni kwamba kila mtafutaji ana mshahara wake wa kikomo. Chini ya hapo anakataa, juu ya hapo anakubali. Na kikomo hicho kinatokana na kitu kimoja kikubwa: kusubiri siku moja zaidi kunamgharimu kiasi gani?

Wachukue wahitimu wawili wa darasa moja, wenye matokeo sawa. Mmoja yuko kwa wazazi wake Sinza, anakula, analala, ana bando. Mwenzake ametoka Kigoma, amepanga Mbagala na wenzake watatu, kila barua ya maombi ni hela ya steshenari, kila usaili ni nauli mbili za daladala na mlo aliouruka. Ofa ya kwanza ikija, ya hovyo, wa Sinza anaikataa na ana haki. Wa Mbagala anaichukua. Baada ya miaka mitano tunawatazama, mmoja ana mshahara mara mbili ya mwenzake, na tunasema alikuwa na uwezo zaidi. Alikuwa na uwezo wa kusubiri. Nawaomba mnaokaa kwenye meza za kuajiri mlikumbuke hili mnapouliza mshahara wa mwisho wa mtu, maana mnachosoma pale ni umaskini wake wa zamani.

Na wazazi wenzangu, lile neno tunalowatupia vijana, kwamba "anachagua kazi", tulitumie kwa hadhari. Kuchagua kazi ni sehemu ya uchumi kufanya kazi yake. Mhandisi wa maji aliyekimbilia kuuza vocha mwezi wa kwanza ni hasara yake na hasara ya kijiji kinachongoja mhandisi wa maji.

Addis Ababa walilipima hili. Mji ule ni mpana, vijana wengi wanaishi pembezoni, na mbao za matangazo ya kazi ziko katikati ya mji. Kwenda kuzisoma ni nauli. Kundi la watafiti, akiwamo Girum Abebe, Stefano Caria na Simon Franklin, liliwapa baadhi ya vijana ruzuku ya nauli, na wengine likawapa warsha: namna ya kuandika wasifu, namna ya kujieleza kwenye usaili, pamoja na vyeti vya majaribio vinavyoonyesha wanachokijua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Kwa muda mfupi misaada yote miwili iliongeza uwezekano wa kupata kazi rasmi. Baada ya miaka minne faida ya nauli ilikuwa imeyeyuka, lakini waliopata warsha walikuwa na kipato kikubwa zaidi, na waliofaidika zaidi ni wale ambao kwa kawaida soko huwaacha nyuma. Mimi nasoma hapo kwamba gharama ya kutafuta ina sehemu mbili. Moja ni ya kufika. Nyingine ni ya kuonekana ulivyo, na hiyo ya pili ndiyo inayokaa na mtu muda mrefu.

Dale Mortensen na Christopher Pissarides, huyu wa pili mzaliwa wa Cyprus, waliyaunganisha yote haya kuwa nadharia ya soko zima la ajira: nafasi za kazi zilizo wazi na watu wasio na kazi huwapo kwa wakati mmoja, kila siku, na wanakutana kwa kasi inayotegemea idadi ya pande zote mbili. Kila mtafutaji anayeongezeka anawachelewesha watafutaji wenzake. Kila mwajiri anayetangaza anawarahisishia. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Diamond. Nadharia yao ilijengwa kwa nchi ambazo mtu huwa ameajiriwa au hana kazi. Kwetu, sehemu kubwa ya watu wamejiajiri, na wanachotafuta mchana kutwa ni mteja. Kwa hiyo hapa kwetu napenda zaidi makala nyingine ya Diamond, ya mwaka 1982.

Anatuchukua kisiwani. Watu wanaishi kwa nazi, lakini kuna mwiko: haruhusiwi mtu kula nazi aliyoiangua mwenyewe, lazima abadilishane na mwenzake. Kupanda mnazi ni kazi, na minazi mingine ni mirefu kuliko mingine. Nikikutana na mnazi mrefu, nipande au niuache? Inategemea kama nitampata mwenye nazi wa kubadilishana naye. Kama wengi wanapanda, nitampata upesi, basi nami napanda. Kama wachache wanapanda, nitazunguka na nazi yangu mpaka nichoke, basi siupandi. Kisiwa kimoja, minazi ileile, watu walewale, kinaweza kutulia kwenye neema au kutulia kwenye njaa. Na kikiwa kwenye njaa hakuna mtu mmoja anayeweza kukitoa kwa bidii yake peke yake, kwa sababu bidii yake haina wa kukutana nayo.

Wakulima wa nyanya wanaijua hali hiyo bila kusoma makala. Ukiona ardhi nzuri isiyolimwa, usikimbilie kusema watu hawa ni wavivu. Kwanza uliza wangemwuzia nani, na wangemjuaje.

Mfano ninaoupenda zaidi uko ng'ambo ya bahari yetu hii, Kerala, India. Wavuvi wa pale wanavua sadini, na kabla ya simu za mkononi kila mashua ilikuwa ikirudi kwenye ufuko wa nyumbani. Ukifika ukakuta samaki wamejaa, huna la kufanya. Sadini hangoji, na mafuta ya kwenda ufuko mwingine ni fedha. Kati ya asilimia 5 na 8 ya samaki walikuwa wakitupwa, siku hiyo hiyo ambayo ufuko wa jirani wanunuzi wanaondoka mikono mitupu. Minara ya simu ilianza kuwashwa mwaka 1997, ikafunika pwani kipande kwa kipande, na mchumi Robert Jensen alifuatilia bei wakati wote huo. Wavuvi walianza kupiga simu wakiwa bado majini. Kutupa samaki kukakoma, bei za fuko mbalimbali zikasogeleana hadi karibu kuwa moja, faida ya mvuvi ikapanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Pande zote mbili zilifaidika. Hakuna samaki aliyeongezwa baharini. Kilichopungua ni kutoonana.

Nisiwafiche kwamba mambo hayaendi vizuri hivyo kila mahali. Mvuvi anayedaiwa na tajiri aliyemkopesha nyavu hata akiijua bei ya Feri, soko letu la samaki, hawezi kupeleka samaki Feri. Simu inampa bei; deni linamfunga mguu.

Kuna masoko mengine ambayo fedha haiamui nani ampate nani, na huko kukutanishwa ndiyo habari yote. Mnakumbuka udahili wa vyuo vikuu. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilianzisha mfumo wa pamoja: mwombaji anaorodhesha chaguo zake mahali pamoja. Mwaka 2017 tukarudi kwenye utaratibu wa kila mwombaji kuomba moja kwa moja chuoni. Tangu hapo kila msimu tunasikia tangazo la waliodahiliwa zaidi ya chuo kimoja, watakiwe wathibitishe chuo kimoja kwa namba maalumu. Tazameni kilichomo ndani ya tangazo hilo. Mwanafunzi mmoja ameshikilia nafasi tatu kwa siku kadhaa. Wawili wengine wanangoja bila kujua kwamba nafasi zao zipo. Na ada ya maombi inalipwa kwa kila chuo, kwa hiyo mwenye hela anaomba vyuo vitano na asiye nayo anaomba kimoja na kusali.

Dawa yake ya kihesabu ina umri mkubwa kuliko wengi wenu. Mwaka 1962 David Gale na Lloyd Shapley waliandika makala ya kurasa chache, karibu yote kwa maneno ya kawaida. Kila mwombaji apelekwe kwenye chaguo lake la kwanza. Chuo kiwashike walio bora kadiri ya nafasi zake, lakini kiwashike kwa muda tu, na kiwaachie waliozidi. Walioachiwa waende chaguo la pili. Hapo chuo kiwalinganishe wapya na kiliowashika, na kiwe huru kumwachia wa zamani kama mpya ni bora. Endelea hivyo mpaka asiwepo wa kuachiwa. Mwishoni hutampata mwanafunzi na chuo ambao wangependana kuliko walivyopangiwa. Na mwanafunzi hapati faida yoyote kwa kudanganya chaguo lake la kwanza. Hilo la mwisho ndilo lenye haki ndani yake. Jiji la Boston lilikuwa na mfumo wa shule uliomwadhibu mzazi aliyeandika kwa ukweli shule anayoitamani: akiikosa, alikuta hata chaguo lake la pili limejazwa na walioliweka la kwanza. Wazazi wenye muda na mitandao walijifunza kucheza mchezo huo. Wasio na muda walisema kweli, na watoto wao wakaumia. Mwaka 2005, baada ya ushauri wa watafiti akiwamo Alvin Roth, Boston iliuacha mfumo ule ikachukua wa Gale na Shapley. Roth na Shapley walipata Nobel mwaka 2012.

Naona mikono. Ngoja nichukue la dada aliyekaa nyuma.

Anauliza: kama kutafuta ni gharama, si dalali wa vyumba anafanya kazi ya maana? Na kwa nini basi tunamlalamikia?

Dada yangu, anafanya kazi ya maana sana. Mtu anayeijua kata nzima, nani anahama, nani ana luku yake peke yake, maji yanatoka siku gani, ana ujuzi ambao mpangaji angeutafuta kwa wiki kadhaa. Sina ugomvi na dalali kuwepo. Nina ugomvi na namna anavyolipwa. Tazama desturi: mpangaji anamlipa kodi ya mwezi mmoja. Kodi ikiwa kubwa, ujira wake unakuwa mkubwa, kwa hiyo yule anayetembea nawe kukutafutia chumba anafaidika ukilipa zaidi. Halafu kuna hela ya kuonyeshwa, inayolipwa upate usipate. Hiyo inampa sababu ya kukupeleka kwenye vyumba anavyojua hutavichukua. Na kila ukilipa hela hiyo, gharama yako ya kutafuta chumba cha pili imepanda. Ni zile shilingi 500 za sufuria, ila hapa mwenye chumba anajua kwamba ukifika mlangoni umeshachoka na umeshalipa. Ongeza kodi ya miezi sita mkupuo mmoja. Mwenye nyumba anaidai kwa kuwa naye anaogopa gharama ya kutafuta mpangaji mwingine, akaihamishia yote kwako.

Programu za simu hazijatibu hilo, na wengi mmeona kwa nini: tangazo la chumba kilichokwisha kuchukuliwa wiki tatu zilizopita linaachwa pale makusudi, ili upige simu, uambiwe hicho kimekwenda lakini kipo kingine. Tangazo la uongo linaongeza kutafuta.

Ningeanza na mambo matatu madogo. Hela ya kuonyeshwa ikatwe kwenye ujira wa mwisho badala ya kuwa juu yake. Mwenye nyumba alipe nusu ya udalali, maana naye amehudumiwa. Na kwa kuwa mpangaji mpya anatakiwa kujitambulisha ofisi ya serikali ya mtaa, ofisi hiyo hiyo iwe na ubao wa vyumba vilivyo wazi, bei imeandikwa, na chumba kikichukuliwa mtendaji akifute siku anapompokea mpangaji. Ubao huo utamtengeneza yule mtu niliyesema soko la vyumba halina: anayejua bei zote za mtaa kabla hajafika mlangoni. Dalali mzuri ataendelea kupata wateja, kwa sababu ubao hausemi kama jirani anapiga muziki usiku kucha. Nimewahi kuulizwa nani atalipia chaki na mbao. Mtaa wowote wenye vyumba vya kupanga unaweza kulipia hivyo kwa sehemu ndogo ya udalali wa chumba kimoja.

Kaka pale mbele, karibu, swali lako.